Sindano Tatu za Goti la Ngazi

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Fundi Viatu, mkabala na uwanja wa voliboli. Tulikuwa watatu: Fundi mwenyewe, Refa aliyestaafu filimbi, na mimi muuza kahawa. Habari ilikuwa moja. Jana, seti ya pili, mshambuliaji wetu Ngazi aliruka apige mpira, tukasikia kitu kimekatika. Akaanguka, pia ya goti imepanda hadi pajani. Ile kano iliyomtesa mwaka na nusu ilikuwa imechanika.

— Sindano zimemla, Refa akaanza. Mtu anachomwa leo, kesho anaruka?

— Sindano haina kosa, kosa la damu, Fundi akasema. Ile ya pili walimtoa damu mkononi, wakaizungusha kwenye mashine, wakamchoma nayo gotini. Damu ya mkono itajulia wapi kazi ya goti?

— Si ndiyo mgeni njoo, mwenyeji apone? Refa akauliza.

— Huyo mgeni kaua mwenyeji, Fundi akajibu.

— Mimi nilisikia ya kwanza ilikuwa dawa ya farasi, nikachomekea. Wiki ile aliruka kama hana uzito.

— Farasi gani, bwana? Refa akashusha sauti. Kano ilishakufa zamani. Mliyekuwa mnamshangilia alikuwa anaruka na maiti mguuni.

Kila sindano ilikuwa na mwenyewe. Ya kwanza, Refa alimpeleka kwa jamaa yake, chumba cha nyuma cha duka la dawa. Ya pili ilikuwa ya kocha. Ya tatu nilimpeleka mimi, kwa jamaa yuleyule, siku mbili kabla ya mechi. Alikuja anachechemea, akaniambia, "Kaka, wakiniweka nje safari hii, sirudi tena."

— Angepumzika miezi michache, nikasema.

— Nani angemruhusu? Fundi akauliza, akageukia kiatu chake.

Hapo akafika dada mkubwa wa Ngazi, ametokea hospitali, nguo ni za jana.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Mgonjwa?

— Wanampasua saa nane. Daktari anataka kujua alichomwa dawa gani, na ya mwisho lini. Mwenyewe hajui. Kasema niwaulize ninyi.

Refa akainamisha kichwa. Fundi akaacha kushona.

— Ya mwisho ni Alhamisi, nikasema. Ilikuwa nyeupe. Kama maziwa.

Akaandika kiganjani.

— Nyeupe inaitwaje, kaka?

Nikajaribu kukikumbuka kile kichupa. Nilichokiona ni Ngazi tu, amekaa ukingoni mwa kitanda, anakunja goti na kulikunjua, ananishukuru.

Dada yake alisubiri, kalamu ameishika juu ya kiganja.