Mama Rejista, Aliyewatafutia Watu Babu Zao

Ndugu, jamaa na majirani, tumekuja kumsindikiza mtu ambaye nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, na ambaye huko mtandaoni maelfu ya watu wasiowahi kumtia machoni walimwita Mama Rejista. Familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha yake. Nimeonywa nisipandishe sauti. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta. Baba yetu alikuwa mgawa barua, na barua iliyokosa mwenyewe ilimnyima raha hata chakula hakikushuka. Siku moja ililetwa barua ya "fundi saa, nyumba ya bluu". Nyumba za bluu zilikuwa nne na fundi saa hakuna. Dada, akiwa na miaka tisa, alipita mlango kwa mlango akiuliza ni nani zamani alitengeneza saa, mpaka akampata mzee aliyeiacha kazi hiyo miaka kumi nyuma. Mzee aliisoma barua palepale mlangoni, akakaa chini. Dada hakutuambia kamwe iliandikwa nini.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1982 akahitimu cheti cha utunzaji kumbukumbu. Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa idara ya nyaraka, katika chumba cha kusomea: meza sita, dirisha lisilofunguka, na tangazo ukutani la kukataza kalamu ya wino. Humo alikaa miaka thelathini na minane.

Humohumo alimpata mume. Shemeji yetu ni mjalidi wa vitabu, na mwaka 1985 aliitwa kukarabati rejista za vibarua. Alitaka kukata kingo zilizochakaa ili kurasa zikae sawa. Dada alimzuia, kwa kuwa pembezoni kulikuwa na majina yaliyoandikwa kwa penseli. Walinuniana siku mbili. Siku ya tatu shemeji alikuja na chupa ya chai, akasema kingo zitabaki. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2008 idara ilifungua ukurasa mtandaoni ambapo watu wangeuliza habari za wazee wao, na kazi ya kuwajibu akatupiwa yeye kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Ndipo mchomeleaji mmoja aliyeishi ng'ambo akaandika kumtafuta babu yake, aliyeondoka kwao mwaka 1938 kwenda kutafuta kibarua na asionekane tena. Dada alipekua rejista miezi minne. Akamkuta mtu mmoja aliyetoka kijiji cha babu huyo, mwenye alama ileile ya kidole, ameandikwa mara tatu kwa majina matatu tofauti. Aliyaweka yote matatu ukurasani, akauliza kama kuna anayeyajua. Muuguzi mstaafu wa mji mwingine akajibu kwamba hayo hayakuwa majina. Yalikuwa matusi ya lugha ya kwao huyo muuguzi, ambayo mnyapara aliwabandika vibarua na karani akayanakili bila kuyaelewa. Tena alimkumbuka mzee mwenyewe, jina lake halisi, na mahali alipozikwa. Mchomeleaji alisafiri siku tatu akalifikia kaburi.

Tangu hapo dada aliamini kwamba rejista inajua nusu tu, na nusu nyingine iko kwa watu. Kila jalada aliloliweka ukurasani aliliacha wazi, watu wasahihishe, waongeze, wabishane, naye akahakiki kila neno kabla ya kulikubali. Kwa miaka kumi na mmoja alijibu maswali elfu sita mia nne na kumi na mawili. Idadi hiyo tunayo kwa sababu aliiandika yeye. Idara haikuwahi kuuliza.

Sasa hapa ndipo nilipoonywa.

Jumatatu tarehe 2 Septemba 2019, mkurugenzi mpya aliufuta ukurasa ule. Alisema idara si baraza la soga. Badala yake ikawekwa fomu inayomtaka mwananchi ataje kwanza namba ya jalada analolitafuta. Dada alipanda ngazi mpaka ofisini kwake.

"Mtu angekuwa na namba ya jalada, mheshimiwa, asingetuandikia," alimwambia.

"Majibu yako yapo kwenye kumbukumbu zetu, mama, usiwe na wasiwasi."

Hayakuwepo. Yalikuwa yamefutwa pamoja na ukurasa, na mkurugenzi alilijua hilo alipokuwa akimtazama usoni. Wiki mbili baadaye dada alipewa barua ya onyo, kwamba aliingiza habari zisizothibitishwa za wananchi katika nyaraka za serikali. Alijibu kwa maandishi, na nakala ninayo: "Rejista yenu imemwita binadamu kwa matusi matatu kwa miaka themanini. Naomba kujua nani alithibitisha."

Hakujibiwa hadi alipostaafu, Machi 2021.

Nyumbani hakukaa kitako. Aliwaandikia wote aliowakumbuka, akiomba warudishe majibu aliyowapa. Wa kwanza kurudisha alikuwa mchomeleaji, na wengine wakafuata, wengi wakiwa na nakala walizozichapa na kuzitunza pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Binti yake alifungua ukurasa mpya, ambao hadi leo una majibu elfu tatu mia tisa.

Mwaka 2022 alianza kukosa pumzi. Daktari alimuuliza alivuta sigara miaka mingapi, naye hakuwahi kuigusa. Alichovuta ni vumbi la majalada, katika chumba ambacho aliomba mara saba kwa barua dirisha lake litengenezwe. Aliugua bila kunung'unika. Kunung'unika alituachia sisi. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Juzi idara ilituletea shada la maua na barua. Shada mnaliona. Barua inaitaka familia ikabidhi ukurasa wa marehemu, kwamba ni mali ya idara. Mume wake ameisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia nijibu hapa mbele ya watu. Jibu ni hapana. Majibu haya hamkuyataka yalipokuwa mikononi mwenu. Yatabaki wazi kwa kila anayemtafuta mtu wake, na maswali kumi na saba yanayosubiri, binti yake ataanza kuyajibu Jumatatu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, sisi wadogo zake wanne, na watu wengi ambao leo wanajua babu zao wamelala wapi.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado tuna hasira, na tuna kazi.