Maisha ya Dada Yetu Pini, Aliyemvalisha Cheche

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wageni wetu mlioshuka kwenye ndege jana mkaja moja kwa moja hapa bila hata kupitia hotelini, mimi ndiye mdogo wake marehemu wa mwisho, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu wakubwa wangu walisema wao watalia, mimi nami sikuahidi kwamba sitalia, niliahidi tu kwamba nitasoma hadi mwisho, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Dada yetu, ambaye karibu ninyi nyote mlimjua kwa jina la Pini, alizaliwa tarehe 3 Juni mwaka 1964, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa pili kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa fundi wa kushona viti vya mabehewa, na mama yetu, aliyekuwa mpishi wa shule. Jina la Pini alipewa na mama, kwa sababu tangu alipoanza kusimama alikuwa akikutwa chini ya meza ya baba, midomo imebana pini, na mama alikuwa akipiga kelele kwamba ipo siku mtoto huyu atameza moja ashonwe matumbo. Hakuwahi kumeza hata moja, ila alibaki na mazoea ya kusema akiwa amefunga midomo, na wote mliofanya naye kazi mnajua ilibidi usubiri atoe pini ndipo ujue kama amekushukuru au amekutukana.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana ya reli kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, ambako, nisiwafiche, hesabu zilimpiga chenga na historia ilimlaza usingizi, lakini somo la kazi za mikono lilimpenda naye akalipenda, hadi mwalimu mkuu akawa anampelekea kola za mashati yake. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea ushonaji, akamaliza Desemba 1980, na cheti chake, ambacho alikifanya cha kufunikia unga, shemeji amekitafuta wiki hii nzima na tumekipata kikiwa na alama za vidole na bado kinasomeka.

Februari 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, kitengo cha kola na mifuko, akakaa hapo hadi Machi 1996, kiwanda kilipofungwa na unga wa watu mia kadhaa kumwagika siku moja. Wenzake walishika tama getini, na haikuwa aibu, hata yeye alishika kidogo, kisha akarudi ndani kumwomba msimamizi amwachie cherehani aliyokuwa akiitumia, akaifunga juu ya baiskeli ya mumewe, na kesho yake asubuhi akaanza kushona barazani kwake.

Huyo mumewe, shemeji yetu mpiga chapa, alifunga naye ndoa tarehe 8 Novemba 1986, na wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye leo ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye ni mwalimu, na kutoka kwao amepata wajukuu wanne. Shemeji ni mtu mpole, na dada alikuwa mtu wa maneno, kwa hiyo walielewana vizuri, na pale kazi ilipoanza kumpeleka dada nchi za mbali, shemeji alijifunza kupika akiwa na miaka hamsini na sita, jambo ambalo sisi tuliolazimika kuonja hatutalisahau.

Kazi hiyo ya nchi za mbali ilianzia pale pale barazani, mwezi wa Agosti mwaka 2010, binti wa muuguzi jirani yetu, wakati huo mwanafunzi wa sekondari, alipoingia akilia na gauni limechanika mgongo mzima, huku shindano la kuimba likiwa jioni ile ile. Dada alimgeuza uso ukutani, akamshonea gauni mwilini, akamfuata hadi ukumbini akiwa na sindano kwenye ukosi, na mtoto alipomaliza kuimba na kushuka, dada alimkata ule uzi akamwambia, "Sauti unayo, nguo huna, kuanzia leo nguo ni kazi yangu." Binti yule ndiye ninyi mnayemwita Cheche, na leo amekaa pale mstari wa mbele, pembeni ya shemeji.

Nyimbo zake zilipovuka mipaka, naye dada akavuka, na mwaka 2017 walianza ziara yao ya kwanza ya kumbi kubwa za kimataifa, zile kumbi ambazo mtu wa nyuma kabisa anamwona mwimbaji kwenye skrini tu. Dada alikuwa na miaka hamsini na mitatu, hajawahi kupanda ndege, na kwenye ndege ya kwanza alimwomba mhudumu afungue dirisha kidogo. Sisi tuliokuwa tukimwona kwenye simu tulidhani anakaa katika vyumba vya vioo na sofa, kumbe ofisi yake ilikuwa chini ya jukwaa, kibanda cha vitambaa vyeusi kisichozidi ukubwa wa choo, nguo zimetundikwa kwa mpangilio wa nyimbo, tochi ameing'ata kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Ninyi mashabiki mlidhani mpiga dramu anapopiga peke yake kwa muda mrefu ni mapenzi ya muziki, na sikatai, anaupenda, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anamsubiri dada. Cheche anashuka kwa mlango wa sakafuni, dramu zinaanza, chini dada anamvua na kumvalisha, na akimaliza anagonga mbao kwa henga ya kutundikia nguo, chini kabisa ya kiti cha mpiga dramu, naye akikusikia kule kugonga kwenye nyayo zake anajua kwamba sasa anaweza kumaliza. Siku moja zipu iligoma, mpiga dramu akapiga mpaka mikono ikafa ganzi, na kesho yake gazeti likaandika kwamba haijawahi kusikika dramu kama ile, naye dada akaikata habari ile akaibandika ndani ya sanduku la nguo, akaandika pembeni, asante sana zipu.

Makosa nayo aliyafanya. Katika ukumbi mmoja wa nchi za baridi masanduku yaliingizwa kinyumenyume, dada akapapasa gizani, akamvalisha Cheche gauni jeupe la kuagia baada ya wimbo wa tatu tu, na wale mashabiki wanaoifuata ziara nchi hadi nchi, ambao wanajua gauni lile maana yake ni kwaheri, wakaanza kulia na wengine kuzomea, wakiona wamepunjwa. Cheche alijitazama, akacheka hadi akakaa chini, akawaambia kwenye kipaza sauti, "Fundi wangu anataka akalale, mimi bado nipo." Dada alinuna wiki mbili kwa kusingiziwa usingizi mbele ya ukumbi mzima, akawa anamvalisha bila kumsemesha.

Ziara ya pili ilianza Juni 2024, na mwezi wa Septemba dada alianza kupata maumivu upande wa kulia, akayapuuza kama alivyopuuza kila kitu kisichokuwa na mshono, hadi alipoanguka akiwa anapiga pasi, akalazwa hospitali ya nchi waliyokuwapo, na tarehe 21 Septemba madaktari wakamwambia kwamba ni saratani ya ini na kwamba imeshakwenda mbali. Jioni ile ile, dada akiwa kitandani, fundi mwingine aliingia kibandani kumshikia nafasi, mama mmoja kutoka kitengo cha kufua, mwenye mikono mizuri tu, lakini Cheche aliposhuka na kuona uso mwingine alikaa sakafuni akakataa kuguswa, mpiga dramu akapiga hadi fimbo ikamponyoka, taa zikawashwa, watu wakaambiwa warudi nyumbani. Msanii anayejaza kumbi za mataifa alishindwa kupanda kwa sababu fundi wake hayupo, na dada alipoambiwa, hakulia kwa ajili ya ini, alilia kwa ajili ya hilo.

Sisi familia tulitaka arudi nyumbani mara moja, na simu zilipigwa, na sauti zilipanda, na mimi nilikuwa wa kwanza kuipandisha, lakini yeye alisema kwamba amemlea mtoto vibaya, amemzoesha mkono mmoja, na hawezi kufa akamwacha chini ya jukwaa. Shemeji peke yake ndiye aliyemwambia, "Maliza kazi yako, mke wangu, nitakungoja," na hapo sisi wengine tuliacha kupiga simu, ingawa roho zilikuwa juu.

Alichokifanya ni kumwachisha, hilo ndilo neno alilolitumia mwenyewe, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa. Alimweleza Cheche ukweli wote wa daktari, kisha katika ukumbi uliofuata alimvalisha yote isipokuwa kishikizo cha mwisho, akamwachia yule mama wa kufua, ukumbi mwingine akashika tochi tu, mwingine akakaa kwenye kiti nje ya kitambaa akiwaimbia wimbo wa ovyo ovyo ili wajue yupo, na ulipofika mwezi wa Januari alikuwa akibaki hotelini, simu imezimwa makusudi. Cheche aligombana naye, akamwita katili, siku mbili hakula, lakini alipanda, na mara moja alipanda na blauzi iliyogeuzwa ndani nje, ikawa mtindo mpya mjini kule kabla ya Jumapili. Na ilitokea jioni moja kwamba aliyegonga mbao hakuwa dada wala yule mama, alikuwa Cheche mwenyewe.

Dada alirudi nyumbani tarehe 4 Februari 2025, akauguzwa na binti yake na shemeji, na katika siku zile alituita, akatupa agizo moja, kwamba akifa siku ya onyesho Cheche aambiwe kabla na si baada. "Msimfiche," alisema, "mkimficha atajua alipanda kwa kudanganywa, na hatapanda tena." Tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana, dada yetu alikata roho kwa utulivu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, na jioni ya siku hiyo kulikuwa na onyesho.

Shemeji ndiye aliyepiga simu. Mpiga dramu amenisimulia jana kwamba meneja alikuwa ameshaandika tangazo la kuahirisha, kwamba Cheche alijifungia, akalia kilio cha kusikika hadi kwa mafundi mitambo, kisha akatoka akaomba maji ya kunawa uso. Aliimba, akashuka, dramu zikaanza, zikaendelea, zikapita pale zinapoisha kila siku, naye mpiga dramu juu pale alikuwa amepiga moyo konde, akisema moyoni kwamba asiposikia kitu hatawaambia watu lolote, ataendelea kupiga tu. Mbao ziligongwa, mara tatu, kwa nguvu. Aliniambia kwamba machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, ile ya ugenini na hii ya kwetu, na kwa namna ya pekee muuguzi jirani yetu, aliyekuwa akija kumchoma dawa ya maumivu hata siku zake za mapumziko. Tunawashukuru majirani, mlioleta viti na turubai kabla hatujaomba, wenzake wa zamani wa kiwanda cha sare, ambao naona mmevaa kola zilizonyooka leo, na wenzake wa ziara, na wewe mama wa kufua, ambaye hukugombea nafasi ya mtu, uliipokea.

Na wewe Cheche, mwanetu. Najua Jumamosi una ukumbi, na najua kuna watu wamekuuliza hapa hapa msibani kama utakwenda, nami nawajibu kwa niaba ya familia kwamba atakwenda. Jana asubuhi, binti wa marehemu alipoingia kumwandaa mama yake, mikono yake ilikataa, ukaingia wewe, ukamvalisha dada yetu gauni lake, ukafunga vishikizo vyote hadi cha shingoni, ukamnyoosha kola, na hukumwita mtu akusaidie. Aliyekuvalisha miaka yote hiyo, ulimvalisha wewe, na ulimvalisha vizuri.

Dada, kazi yako tumeiona imesimama kwa miguu yake. Pumzika kwa amani.