Mzee Kikoti na Kofia Iliyochelewa Kugeuka

Tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Jailos Kikoti, fundi seremala wa kituo chetu cha helikopta za kilimo hapa Mbeya, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane kazini. Alianza Iringa mwaka 1951 akitengeneza milango ya karakana. Mwaka 1968 akahamia kwetu na msumeno wake, mkewe Verediana, na ubishi wake wote.

Mwaka 1974 tuliletewa kofia mpya za marubani, zenye kioo kidogo mbele ya jicho na duara la mwanga ndani yake. Rubani alitakiwa kugeuza kichwa, aweke duara juu ya kundi la kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza nafaka shambani, na bomba la dawa lielekee hukohuko. Ili watu wajifunzie chini kwanza, Mzee Kikoti akaunda helikopta ya mbao isiyokwenda popote: kiti, usukani, tochi iliyofungwa kwenye kofia, na kwelea wa bati anayekimbia kwenye waya ukutani. Waya aliuvuta mwenyewe, wala hakuwa na huruma.

Siku ya kwanza alimwamuru Asukile, rubani wetu mgeni, afuate ndege. Asukile akageukia dirishani, akaifuata ndege ya abiria mpaka ikatua! Tangu hapo neno “ndege” lilipigwa marufuku chumbani.

Kicheko hakikudumu. Wiki tatu nzima Asukile alimkosa kwelea. Mpunga wa Usangu ulikuwa unakomaa, na mkuu wa kituo, Ndugu Liberatus, akampa mpaka Ijumaa, akishindwa, afungashe. Wote tulisema ana shingo nzito. Nami nilisema, na leo naona haya.

Mzee Kikoti alichora mstari wa chaki kutoka kwenye kofia hadi kwenye paji la uso la Asukile, akamwambia ageuke. Mstari ukaachana. Kichwa kilikuwa kimefika, kofia bado iko njiani! Ilikuwa kubwa mno. Akakata blanketi la nyumbani kwake, akalishona ndani. Verediana alinung'unika msimu mzima wa baridi.

Ijumaa Asukile hakukosa hata mara moja. Mwaka ule wakulima wa Usangu walivuna, na mkuu akamwomba radhi mbele yetu sote.

Mzee Kikoti, unarudi Ilula kulima nyanya. Ahsante kwa kumtazama mtu vizuri kabla ya kumlaumu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na usingizi mnono. Jumatatu asubuhi ukisikia mngurumo juu ya shamba, toka nje uinue kichwa. Ni Asukile, ameomba ruhusa arushe helikopta chinichini kukupa shikamoo.