Mia Moja Iliyofika Ikiwa Moja: Risala ya Wakazi wa Corliss Gore

Inasomwa na Everett Kittredge, dereva mstaafu wa greda la theluji, kwa niaba ya wote

Mgeni rasmi, Bwana Prescott Ahlgren, Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni ya Simu ya Bonde la Juu; maofisa mliofuatana naye; Mchungaji wetu; na majirani mliovua mabuti mlangoni pamoja na mliokataa kuvua:

KARIBU

Tunafurahi kukuona, Bwana Ahlgren, hasa kwa kuwa umefika mzima na si vipande vipande kama vitu vyako vingine vinavyotufikia. Sahani iliyo mbele yako ni shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, pamoja na donati na tango la siki. Tango lisikutishe. Linakata utamu ili mtu aweze kula tena, na sisi tunataka ule tena, maana risala hii haina haraka. Tabia hiyo imeiiga kutoka kwenye intaneti yako.

Tunajua umekuja kuzindua lile bango lililo mbele ya kanisa: "Mia Moja Imefika!" Ni bango zuri. Linasomeka mpaka ng'ambo ya mto, isipokuwa neno "hadi" lililo pale pembeni, ambalo Elwin Thibault aliligundua kwa darubini ya kuwindia kulungu.

SISI NI AKINA NANI

Sisi ni watu wa mepo, mti wenye utomvu mtamu. Baridi ikianza kulegea tunatoboa miti, tunaunganisha mipira ya plastiki kutoka mti hadi mti mpaka kwenye tangi, kisha tunachemsha. Galoni arobaini za utomvu hutoa galoni moja ya shira. Mtoto wa hapa hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mtu akiuza utomvu na kuuita shira hatumpeleki mahakamani. Tunaacha tu kumsalimia, na majira ya baridi ya huku ni marefu.

Intaneti ilipanda kilima hiki kwa waya wa shaba uleule uliowekewa simu za bibi zetu. Mwaka mmoja Elwin alifungua utabiri wa tufani ya theluji, na ulipomaliza kufunguka, yeye alikuwa anakata nyasi. Msomaji wa risala hii naye alipakua maelekezo ya kutengeneza trekta, na yalipowasili uyoga ulikuwa umeota kwenye kiti. Tuliukaanga, ulikuwa mtamu. Haya yote ni kweli, au yamepakana na kweli.

MAFANIKIO

Vuli iliyopita kampuni yako ilitutangazia kwamba tumepandishiwa kasi ya intaneti hadi mia moja. Tulipiga kengele ya kanisa. Hayo ndiyo mafanikio. Tunaomba tuendelee.

CHANGAMOTO, AU TUSEME MSHTUKO

Mgeni rasmi, huenda hukumfahamu Armand Thibault, kaka yake Elwin. Kila msimu alikuwa akiiegesha simu yake kwenye rafu ya kibanda cha kuchemshia, akiiacha imrekodi huku yeye akichochea moto na kuongea. Aliongea na wageni, na mbwa, na mvuke. Armand alitutoka mwezi Novemba. Video zake zote zimehifadhiwa kwenye kampuni moja ya mbali ya kutunzia mafaili, na kampuni hiyo inafunga milango. Kesho Ijumaa, saa sita mchana, kila kitakachokuwa hakijachukuliwa kitafutwa.

Mjane wake, Bibi Lurline, alipata taarifa mapema. Akaketi jikoni akapiga hesabu. Video zote zilikuwa gigabaiti mia tatu, yaani megabaiti laki tatu. Kasi ni mia moja kwa sekunde. Akapata sekunde elfu tatu: dakika hamsini. Akacheka peke yake. Dakika hamsini ni muda wa kuoka mkate! Na utomvu ulikuwa unatiririka mchana na usiku, tangi limejaa, na utomvu haukubali kusubiri, unachacha. Akaamua achemshe kwanza, na video atazichukua siku barafu itakaporudi na miti kunyamaza.

Miti ilinyamaza jana, Jumatano. Asubuhi akawasha kompyuta, akabonyeza pa kupakulia, akaingia kukanda unga.

Mkate ulipoiva, alikuta mstari kwenye kioo haujafika hata sehemu mbili kwa mia. Chini yake pameandikwa: zimebaki siku tatu na saa kadhaa.

Elwin anasema aliusikia ukelele kutoka ng'ambo ya shamba akadhani ni dubu. Alipofika alimkuta shemeji yake amesimama, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji, nani kafa?"

"Bado. Ila nikimpata aliyeandika lile bango, atafuata."

Wakapiga simu kwenye ofisi yako. Akapokea binti mmoja mpole, na kwa haki tunasema hana kosa lolote.

"Bibi," alisema, "ile mia moja ni megabiti. Mafaili yako yamepimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mia moja yetu, ukiigawa kwa nane, ni kumi na mbili na nusu ya kwako."

Bibi Lurline alikung'uta unga mikononi. Elwin anasema aliukung'uta kwa nguvu mpaka paka akatoka jikoni.

"Mwanangu," akasema, "yaani hivi vyote nilivyohesabu ni utomvu? Mlinihesabia utomvu, mimi nikasikia shira?"

"Ndivyo kampuni zote zinavyohesabu, Bibi."

"Na hiyo kumi na mbili na nusu iko wapi? Huku inaingia moja!"

Binti akapima laini akiwa hukohuko. Akarudi na sauti ndogo. Waya wa shaba ukipanda mbali namna hii kutoka kwenye kituo chenu huchoka, akasema. Kilichokuwa kinafika jikoni kilikuwa megabiti nane. Nane kwa nane ni moja. Mia moja ni "hadi", Bibi.

Bwana Ahlgren, katika watu wote wa Corliss Gore hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua hilo. Sisi, tunaotambua kwa ulimi tu kama shira imechemka vya kutosha, tumenunua utomvu tangu vuli na tukaupigia kengele!

Sasa sikiliza tulivyoongeza ujinga wetu juu ya wenu. Kwa akili ya watu wa mepo, ukitaka utomvu zaidi unatoboa miti zaidi. Basi jana jioni Elwin alizunguka nyumba kwa nyumba na neno la siri la marehemu kaka yake. "Wewe pakua msimu wa kwanza, wewe wa pili, Everett wewe chukua ule aliopigana na nyuki." Kilima kizima kikatoboa kwa pamoja.

Hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba zote zinanyonya kwenye waya mmoja unaopanda kutoka bondeni. Mti ulikuwa mmoja tu, nasi tukautoboa kila upande. Kwa Bibi Lurline ile moja ikawa robo. Wengine kompyuta zikaganda, tukapoteza hata tulichokuwa tumeshapata. Ilibidi Elwin azunguke tena, safari hii akipiga kelele: "Zimeni! Zimeni nyote, mnamuua kaka yangu mara ya pili!"

Tunaposimama hapa, imefika chini ya robo ya video zote. Bibi Lurline amefungua moja tu. Armand anaonekana mgongo, mvuke umejaa, na anafoka: "Lurline! Mlango, mwanamke, unanizimia moto!" Bibi aliinuka kwenye kiti akaenda kufunga mlango. Ulikuwa umefungwa. Akabaki amesimama pale, mkono kwenye kitasa.

MAOMBI

Tunaomba mkongo wa kisasa upande kilima hiki. Tunaomba bango liandikwe upya, na "hadi" iwe na ukubwa sawa na "mia". Tunaomba kila mnachouza kipimwe kwa kipimo kilekile cha kile tunachopakua.

Lakini hayo yanaweza kusubiri, na ombi la mwisho haliwezi. Tumeambiwa kwamba ofisini kwako mjini kuna laini ya elfu moja, ya kweli, isiyo na "hadi". Tumepiga hesabu upya, safari hii kwa nane, tukarudia mara kadhaa kwa hofu. Kilichobaki kingeingia pale kwa nusu saa.

Kwa hiyo usishtuke utakapotoka. Bibi Lurline amekaa kwenye gari lako, kiti cha mbele, kompyuta ameipakata, mkanda ameshafunga. Dereva wako alijaribu kumtoa. Sasa anakula donati.

Mungu akulinde barabarani, Bwana Ahlgren, aondoe barafu kwenye kona ya daraja, na akufungulie mlango wa ofisi yako usiku wa leo. Chakula chenu cha njiani, cha watu watatu, kiko kiti cha nyuma.

Ni sisi, wenye kungojea majibu yako,
Wakazi wa Corliss Gore.