Mashine ya Mugeta Imezuiliwa Ulaya

Kijiwe cha Bweri kiko ubavuni mwa duka la mabati, pale bodaboda wanapogeuzia kurudi Musoma mjini. Benchi refu moja, birika la Matrida juu ya jiko la mkaa, na wazee watatu ambao habari ya dunia haiwapiti hivihivi bila kuhojiwa. Felisian, mwalimu mstaafu, wanamwita Balozi kwa sababu redio yake hailali. Ryoba anafunga madishi ya televisheni, kwa hiyo ni Dishi. Wa tatu ni Mugeta, Kapteni, aliyevua sangara ujana wake wote na sasa anafuga sato kwenye vizimba ziwani, kule Murangi, yeye na wanakikundi wenzake. Asubuhi hiyo Kapteni alifika amenuna, akakaa bila salamu.

— Umefiwa? — Matrida aliuliza akimmiminia kahawa.

— Afadhali ningefiwa, ningejua pa kulilia. Mashine yetu imezuiliwa. Wametupigia simu jana.

Mashine yenyewe ilikuwa chombo cha kuzamisha chini ya kizimba. Kinasikiliza samaki, kinapima hewa iliyomo majini, na hewa ikipungua kinapiga kelele kwenye simu. Mwaka uliopita maji mazito yasiyo na hewa yalipanda kutoka chini ya ziwa, na Mugeta alipofika alikuta sato wameelea matumbo juu, kizimba kizima cheupe. Nyangi, mkewe, ndiye aliyepiga kasia mpaka nchi kavu. Tangu hapo Mugeta hakulala tena usingizi wa kushiba. Kikundi kikaagiza chombo Ulaya, mkataba ukasainiwa, vifaranga wapya wakaingizwa vizimbani. Na sasa serikali ya huko imesema chombo kisipande meli.

— Wanasema ni usalama wa taifa.

— Taifa gani? — Dishi aliuliza.

— La kwao!

— Sasa sato wa Murangi wanaitishiaje Ulaya? Wana meno gani?

Balozi alikohoa, kikombe akakiweka chini. Hapo kila mtu alijua darasa limeanza.

— Ndiyo dunia ya sasa hiyo. Zamani mtu alikuwaga anauza chochote kwa yeyote mwenye kulipa. Tangu vita vile vya kwao vianze, kitu chochote chenye masikio wanakiogopa. Chombo kinachosikia samaki, jamani, kinasikia na nyambizi.

— Nyambizi? Kwenye ziwa letu hili?

— Unajuaje hazipo? Ziwa la nchi tatu hili. We umewahi kushuka chini ukaangalia?

— Acha kamba zako, Balozi — Dishi alisema. — Siyo nyambizi. Ni dhahabu. Ile ya mgodi wa Kiabakari haikuisha, mshipa wake ulikimbilia ziwani. Mashine ikianza kusikiliza kule chini, itasikia dhahabu.

— Dhahabu inatoaga sauti?

— Ikiwa nyingi.

Matrida alicheka mpaka akashika kiuno.

— Wote hamjui. Wale watu wanakulaga minofu ya sangara wetu. Sisi tukifuga sato tukashiba, tukaacha kuvua, nani atawapelekea sangara? Wanalinda sahani zao!

— Hata hiyo ni usalama wa taifa — Balozi alikubali. — Ila ngojeni. Mashine inatuma habari kwenye simu ya Kapteni. Simu inarusha kwenye setilaiti. Setilaiti inapita juu ya nchi wasioelewana nayo. Adui akidaka pale, anajua Kapteni yuko wapi, amekula nini.

— Kwa hiyo Kapteni ndiyo silaha! — Dishi alipiga paja.

Mugeta hakucheka. Kahawa ilikuwa inapoa mkononi.

— Nyie chekeni tu. Msimu wa yale maji unakaribia. Mimi samaki zangu zikifa tena, nitamwangalia Nyangi kwa jicho gani?

Matrida alimwongezea kahawa ya moto. Hapohapo gari dogo jeupe lilisimama mbele ya duka la mabati, akashuka mwanamke mwenye viatu vilivyojaa tope la ziwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Namtafuta mzee Mugeta. Mimi naitwa Hyasinta, wakala wa wale wenye mashine, natokea Mwanza. Nilifika Murangi, mama Nyangi akanielekeza huku.

Dishi alimpisha kwenye benchi, Matrida akampa kahawa. Balozi hakusubiri hata apulize.

— Tuambie, binti. Ni nyambizi au siyo nyambizi?

— Ni nyambizi, mzee.

Balozi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, taratibu.

— Siyo za hapa — Hyasinta aliendelea. — Lakini chombo cha namna hii kikiangukia kwa watu wa vita, wakakitega bandarini, kitawasikilizia meli na nyambizi za wenzao. Ndiyo maana serikali yao imezuia, ila haijakataa. Inauliza kwanza. Ikiridhika, inaachia.

— Inauliza nini? — Mugeta aliuliza.

— Nani atakitumia?

— Kikundi.

— Kikundi kina watu wengi, mzee wangu. Wanataka mtu wa kumtaja jina. Kikilia, nani anaamka? Kikiibiwa, nani anajibu?

Mugeta alivipitisha kichwani vikao vyote vya kikundi: waliongea meli, waliongea mkataba, waligombana mpaka kuhusu rangi ya boya. Hilo hakuna aliyeliuliza. Na akiwa mkweli, yeye aliitaka mashine ili kiwepo kitu cha kukaa macho badala yake.

Akatoa simu, akampigia mkewe, akiwa amegeuka kidogo ili wasimsikie. Wakasikia wote.

— Nyangi, wanauliza kikilia nani ataamka.

— Si mimi? — sauti ya Nyangi ilitoka wazi. — Mbona mimi naamkaga kila siku? Nasikiliza ziwa mpaka kunakucha. We ukigeukia ukutani, na mimi najifanya nimelala.

Mugeta alishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Mwaka mzima walikuwa wamelala macho kitanda kimoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

— Andika Nyangi — alimwambia Hyasinta. — Mimi nitapiga kasia.

Ruhusa ilitoka, na sharti lake: chombo kisitolewe Murangi. Meli nayo ilizunguka Afrika yote kwa chini, kwa kuwa njia ya Bahari ya Shamu ilikuwa na makombora. Ikachelewa, lakini ikafika. Chombo kilipolia kwa mara ya kwanza ilikuwa mchana kweupe, Jumapili, watu ndiyo wanatoka misa. Kikundi kizima kilikimbilia ufukweni na nguo za kanisani, wakafunga kamba, wakaanza kuvivuta vizimba kuelekea kwenye maji yenye hewa. Sato walikuwa wanaruka, wazima. Mugeta alikuwa kwenye kasia, suruali imelowa hadi magotini, na Nyangi amesimama mbele ya mtumbwi, simu mkononi, akiwaonyesha pa kuelekea.