Mama Glavu na RNA Ndefu za Saratani ya Ngozi

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu mliyemzoea kwa jina la Mama Glavu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya biolojia, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho.

Tarehe 4 Januari 1993 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha ghorofa ya pili chenye majokofu matatu na dirisha lisilofunguka, akapewa jina lake kwa sababu RNA, yaani nakala za maagizo ya seli, huharibika upesi ikiguswa na mkono mtupu, naye hakumwachia hata profesa kushika mrija bila glavu. Mwaka 1996 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza jokofu na, kwa kukiri kwake mwenyewe, akaivuta kazi ya siku moja hadi wiki, wakajaliwa mabinti wawili, 1998 na 2001.

Kuanzia 2011 alichunguza RNA ndefu zisizotengeneza protini, ambazo wengi waliziona takataka za seli, akitaka kujua kama mojawapo huisaidia saratani ya ngozi kuhimili dawa. Matokeo ya 2016 yalipendeza mno, hadi asubuhi moja alipogundua kwamba hakuwa ameondoa mabaki ya DNA, na mashine ilikuwa imeyahesabu kama RNA. Asubuhi hiyohiyo alimwambia mkuu wake, "Bosi, nimeboronga, tusichapishe," makala ikaondolewa, akaanza upya kutoka mrija wa kwanza, huku wenzake wakimtania kwamba atastaafu akingali anaosha mirija.

Agosti 2022 doa jeusi kwenye unyayo wake lilibainika kuwa saratani ileile, naye akatia saini kipande kilichokatwa kiingizwe katika utafiti, kwa sharti kwamba asikipime yeye. Tarehe 9 Mei 2024, saratani ikiwa imefika mapafuni, mwenzake wa maabara alimletea majibu wodini: katika sampuli sitini na moja, RNA ile ilikuwa mara mbili zaidi pale dawa iliposhindwa, si mara tisa kama ilivyodhaniwa mwanzo. Aliuliza kama DNA iliondolewa, akaonyeshwa vipimo, akavisoma vyote, akaomba chai. Alifariki tarehe 12 Mei, saa tano asubuhi, mumewe na mabinti wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumpeleka kliniki, wagonjwa waliotoa vipande vya ngozi zao, na ninyi wenzake ambao mngeweza kuondoka mwaka ule wa kosa, lakini mkabaki.

Dada, pumzika kwa amani, kazi yako imehakikiwa.