Mkwe Aliyetoka Peku

GI-TAE: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui hii.

MYEONG-OK: Mimi dada yako. Nimeazima simu ya hapa mgahawani.

GI-TAE: Ah, dada! Habari za huko?

MYEONG-OK: Nzuri kidogo. Uko wapi wewe?

GI-TAE: Nimeshuka treni, nakatiza sokoni. Baba keshakaa?

MYEONG-OK: Keshakaa zamani. Keki za mchele zimepangwa mbele yake mpaka kidevuni, mashangazi wamejaa. Gi-tae... umevaa nini?

GI-TAE: Suti ya kijivu.

MYEONG-OK: Miguuni, nakuuliza.

GI-TAE: Viatu vya mchuchumio. Vile vyekundu.

MYEONG-OK: Jamani, Gi-tae! Mwanamume mzima!

GI-TAE: Si baba anatimiza sabini? Nimependeza.

MYEONG-OK: Hapo sokoni raba zimejaa tele. Ingia duka lolote, chukua—

GI-TAE: Siingii.

MYEONG-OK: Basi vivue ngazini, ufiche kwenye mfuko! Huku tunakaa sakafuni, viatu vyote vinabaki mlangoni, kila mtu ataviona!

GI-TAE: Waone. Na— subiri kidogo.

MYEONG-OK: Nini tena?

GI-TAE: Kuna jamaa ananirekodi. Toka stesheni yuko nyuma yangu.

MYEONG-OK: Vuka barabara! Kimbia!

GI-TAE: Nikimbie, nimeiba? (sauti inasogea mbali) Kaka! Wewe, mwenye kofia! Umenipata vizuri, au nigeuke na upande huu? ... Ala! Mimi niliyevaa sioni haya, unaona wewe? Futa. Futa hapa, nikiona. ... Na ile nyingine.

MYEONG-OK: Gi-tae, atakupiga huyo! Gi-tae!

GI-TAE: Kafuta. Yule mama muuza samaki kamkemea, kisu kiko mkononi, jamaa kapotea. Anasema nina miguu mizuri kuliko binti yake.

MYEONG-OK: (anacheka, anajizuia) Usinichekeshe, nina shida hapa. Shangazi Bun-rye kaja na zawadi ya mkwe.

GI-TAE: Mkwe gani?

MYEONG-OK: Mwenye viatu.

GI-TAE: Bado wanaamini?

MYEONG-OK: Wasiamini kwa nini? Sikukuu ya mavuno kaviona mlangoni kwetu, kaingia anashangilia, "Gi-tae kaleta mchumba!" Baba angefanyaje? Akasema mchumba katoka kidogo.

GI-TAE: Katoka peku! Viatu viko mlangoni, mwenyewe katoka, na hakuna aliyeuliza! Nami nikakaa pale natafuna tu.

MYEONG-OK: Sasa wanamngoja. Wamemwekea mto wa kukalia karibu na baba. Sema anaumwa. Leo tu, nakuomba.

GI-TAE: Mwakani je? Atakuwa anaumwa bado, au tutamzika?

MYEONG-OK: Usimwaibishe baba mbele za watu.

GI-TAE: Dada, hawa wa mtaani nawamudu. Umesikia mwenyewe. Ninyi mkinificha ndiyo naumia. Weka sauti ya nje, wote wanisikie.

MYEONG-OK: Nini? Sikusikii, mtandao una—

GI-TAE: Unanisikia sana. Weka.

MYEONG-OK: (anashusha pumzi) Haya. Lawama si zangu. ... Wanakusikia.

GI-TAE: Shangazi zangu, hamjambo. Mkwe mnayemngoja hayupo, wala hakuwahi kuwepo. Vile viatu ni vyangu. Nimevinunua mwenyewe, navipenda, na nakuja navyo. Huo mto nitaukalia mimi. Anayeona aibu kula nami, mlango uko wazi.

(Kijiko kinaanguka.)

GI-TAE: Haloo? Dada? Mpo?

MYEONG-OK: (ananong'ona) Nimeiondoa sauti ya nje. Shangazi Bun-rye kainuka.

GI-TAE: Anaondoka?

MYEONG-OK: Anatafuta mkoba wake. Anamwambia baba achague, yeye au— ngoja. Baba anataka simu. Baba, taratibu, utamwaga—

BABA: Gi-tae.

GI-TAE: Naam, baba.

BABA: (anakohoa) Umefika wapi?

GI-TAE: Hapa nje. Chini ya ngazi.

BABA: Ngazi zimeoshwa sasa hivi, zina maji. Shika ukuta, usikimbie.

GI-TAE: Baba, lakini shangazi—

BABA: Dada yangu anakujua kwake, hapotei. Wewe panda. Nimekuja hapa mlangoni, nasogeza viatu vyangu. Vyako utaviweka hapa pembeni yangu.

GI-TAE: (anavuta kamasi) Baba...

BABA: Usinililie kwenye simu ya watu, mwenyewe anaitaka. Haya, nakata.